Seti ya kupima umri wa DNA na kapsuli zake: kinachopimwa na kinachouzwa

Siku hizi zimeenea seti za kupimia nyumbani zinazomwahidi mnunuzi kwamba, kwa matone machache ya damu, ataambiwa DNA ya seli zake imeharibika kwa kiasi gani na uharibifu huo umemzeesha kwa miaka mingapi. Niliyoitumia mimi sitaitaja kwa jina, kwa kuwa zinazofanana nayo ni nyingi na hoja zangu zinazigusa karibu zote. Ndani ya boksi lake mna kadi ya kukaushia damu pamoja na vifaa vya kuchoma kidole, na chupa ya kapsuli ambazo mtumiaji anashauriwa aanze kuzimeza hata kabla majibu hayajatoka. Majibu yenyewe huja katika ripoti yenye sehemu tatu: urefu wa telomea (ncha za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba DNA), umri wa kibayolojia (umri wa mwili kwa jinsi ulivyochakaa), na alama ya uharibifu wa DNA. Hukumu yangu naiweka mbele: sehemu moja ya ripoti ina thamani, nyingine ina thamani ndogo, ya tatu haikupaswa kuwepo, na kapsuli zimevikwa sifa ambazo ushahidi uliopo hauwezi kuzibeba.

Nianze na haki yao. Kijitabu kilichomo ndani ya boksi kinasema kwamba kuharibika kwa DNA ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya kuzeeka, na hilo ni kweli. Mwaka 2013, watafiti walipoorodhesha alama tisa za uzee ambazo zimetumika sana tangu hapo, kuyumba kwa jenomu, yaani DNA yote ya seli, kulitajwa kwanza. Kila seli yenye kiini imebeba DNA ambayo ikinyooshwa hufikia takribani mita 2, na DNA hiyo hujeruhiwa makumi ya maelfu ya mara kila siku. Majeraha mengi ni madogo: herufi (kijenzi kimoja cha DNA) iliyong'oka mahali pake, guanini, mojawapo ya herufi hizo, iliyoshikwa na oksijeni, uzi mmoja kati ya nyuzi mbili za DNA uliokatika. Machache ni mazito, na lililo zito kuliko yote ni kukatika kwa nyuzi zote mbili mahali pamoja, kwa sababu hapo seli hukosa nakala nzima iliyo jirani ya kuigiza.

Kijitabu kinateleza kinapoeleza majeraha hayo yanatoka wapi. Kinataja jua, moshi wa sigara, hewa chafu na msongo wa mawazo, kana kwamba mtu akijikinga na hayo DNA yake itatulia. Tomas Lindahl, mwanasayansi aliyezaliwa Sweden na kufanya sehemu kubwa ya kazi yake Uingereza, alionyesha miaka ya 1970 kwamba DNA haidumu hata ikiachwa peke yake: maji yanayoizunguka ndani ya seli huing'oa herufi zake kwa maelfu kila siku, bila sumu wala mionzi yoyote. Ongeza mabaki ya oksijeni yanayotokana na mitokondria zinapozalisha nishati, na makosa yanayotokea seli inaponakili DNA kabla ya kugawanyika, na utaona kwamba sehemu kubwa ya uharibifu inatokana na kuishi kwenyewe. Mionzi ya urujuanimno na moshi wa sigara vinaongeza mzigo, tena kwa kiasi kikubwa katika ngozi na mapafu, na kujikinga navyo ni jambo la maana sana. Lakini msomaji wa kijitabu hiki hubaki akiamini kwamba kila jeraha ni kosa lake, na imani hiyo ndiyo inayomfanya aione chupa ya kapsuli kuwa njia ya kujitoa lawamani. Ningependa waandishi wake wairekebishe sehemu hiyo kabla ya nyingine zote.

Kinachotuwezesha kufika uzeeni ni ukarabati. Lindahl aligundua njia ambayo vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia ndani ya seli, hukata herufi moja iliyoharibika na kuweka nzima. Aziz Sancar aliichambua njia inayoondoa kipande kirefu zaidi, kama kile kilichounganishwa vibaya na mionzi ya jua, naye Paul Modrich akaeleza jinsi seli inavyosahihisha makosa ya kunakili. Wote watatu walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015. Ukarabati huu hufanya kazi mchana na usiku, nao hufaulu karibu kila mara. Uzee unaingia kupitia pale usipofaulu, na hapa kuna tofauti ambayo ripoti yote haiitaji hata mara moja: jeraha na mutesheni si kitu kimoja. Jeraha ni hitilafu ya kikemia ambayo seli inaweza kuitambua na kuitengeneza. Mutesheni ni herufi iliyokwisha kubadilika na kunakiliwa pande zote mbili, ikaonekana halali, na hakuna kimeng'enya kitakachoirudi. Jeraha hudhuru kwa sababu huzuia jeni kusomwa na DNA kunakiliwa. Mutesheni hudhuru kwa sababu hubadilisha maagizo yenyewe, na ndiyo inayofungua mlango wa saratani.

Seli ikizidiwa na majeraha, protini ya p53 na wenzake huisimamisha. Huenda ikapona, huenda ikajiua, na huenda ikaacha kugawanyika maisha yake yote huku ikiendelea kuwa hai. Seli za kundi hili la mwisho hazikai kimya, bali hutoa kemikali zinazoamsha kinga ya mwili na kuleta uvimbe, na kuzisumbua seli jirani. Zikirundikana katika tishu, na seli shina za kuziba mapengo zikipungua kwa sababu hizo hizo, mwili hupoteza uwezo wa kujijenga upya. Hii ndiyo njia inayoonekana wazi kutoka kwenye molekuli iliyovunjika hadi kwenye ngozi inayosinyaa, kidonda kinachochelewa kupona na mishipa inayokakamaa.

Ushahidi wa kwamba njia hii ni ya kweli unatoka kwanza kwa watu waliozaliwa na hitilafu katika mashine ya ukarabati. Katika ugonjwa wa Werner, unaotokana na kuharibika kwa jeni ya WRN, mvi, mtoto wa jicho, kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya mishipa huja miongo kadhaa kabla ya wakati wake, na saratani huongezeka. Katika ugonjwa wa Cockayne, ambao seli hushindwa kuondoa majeraha yanayozuia kusomwa kwa jeni, watoto hudumaa na mfumo wao wa neva huchakaa mapema, ila saratani haizidi kama inavyozidi katika ugonjwa wa Werner. Tofauti hiyo inanishawishi kuliko maelezo yoyote ya jumla, kwa kuwa inaonyesha kwamba aina ya ukarabati ulioharibika ndiyo inayoamua aina ya uzee utakaokuja. Watu waliotibiwa saratani utotoni kwa mionzi na dawa kali zinazovunja DNA nao huonyesha dalili za uzee mapema kuliko wenzao.

Kuna pia utafiti wa mwaka 2022 uliochunguza utumbo wa mamalia wa spishi 16. Panya hupata mutesheni karibu 800 kwa mwaka katika kila seli shina ya utumbo, ilhali binadamu hupata takribani 47, lakini kila mnyama alipofika mwisho wa umri wake, jumla ya mutesheni zake haikuwa mbali sana na za wengine, ingawa maisha yao yalipishana kwa miongo. Uhusiano si lazima uwe sababu, na watafiti wenyewe hawakudai zaidi ya hapo. Hata hivyo, huo ni ukurasa ambao ningeuweka mbele ya mteja badala ya picha za nyuso zilizofutwa makunyanzi.

Sasa niifungue ripoti. Ukurasa wa telomea ni mzuri kuutazama. Una mchoro wa kromosomu, maelezo sahihi kwamba ncha zake zimeundwa na herufi TTAGGG zinazojirudia maelfu ya mara, na kumbukumbu ya Leonard Hayflick, ambaye pamoja na Paul Moorhead alionyesha mwaka 1961 kwamba seli za kawaida za binadamu zikioteshwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha hukoma. Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2009, waliyoipata Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak, imetajwa pia, na inastahili kutajwa. Telomea fupi mno seli huiona kama DNA iliyokatika, nayo huitikia vivyo hivyo, kwa kusimama. Zaidi ya hayo, wingi wa guanini katika telomea huzifanya ziwe shabaha rahisi ya oksijeni, na ukarabati wa nyuzi zilizokatika hapo huzuiwa kwa makusudi ili ncha za kromosomu zisije zikaungana. Kwa hiyo uhusiano wa telomea na uharibifu wa DNA upo, tena ni wa karibu.

Shida iko kwenye nambari iliyoandikwa chini ya mchoro. Kinachopimwa ni wastani wa telomea za chembe nyeupe zote zilizokuwamo katika tone lile la damu, wakati kinachosimamisha seli ni telomea zile chache zilizo fupi kuliko nyingine, ambazo wastani huzificha. Chembe nyeupe zenyewe ni za aina nyingi zenye urefu tofauti wa telomea, na uwiano wao hubadilika mtu akipatwa na maambukizi ya kawaida tu. Tena, watu wa rika moja hutofautiana sana tangu kuzaliwa. Ripoti inaeleza pia kwamba kadiri telomea zilivyo ndefu ndivyo mtu alivyo salama, jambo ambalo si sahihi: telomea ndefu kupita kiasi zimehusishwa na ongezeko la baadhi ya saratani, ikiwemo melanoma ya ngozi, kwa kuwa huipa seli yenye hitilafu muda zaidi wa kugawanyika. Ukurasa huu unafundisha vizuri, ila nambari yake haimsaidii mtu mmoja mmoja kuamua lolote.

Ukurasa wa umri wa kibayolojia ndio bora kuliko zote, na natamani ungebaki peke yake. Unategemea alama za methili (kikundi kidogo cha atomi) zinazobandikwa juu ya DNA bila kuibadilisha herufi zake, mbinu iliyopata umaarufu mwaka 2013 baada ya Steve Horvath kuonyesha kwamba maeneo 353 ya jenomu yanatosha kukadiria umri wa mtu kwa kosa la wastani wa miaka 3.6. Damu iliyokaushwa kwenye kadi huzihifadhi alama hizo vizuri, kwa hiyo hapa sampuli na kipimo vinaoana. Ripoti inataja kiwango cha kosa waziwazi, nami nawapa heshima kwa hilo. Tahadhari yangu ni moja: alama za methili si majeraha. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kukata DNA na kuiacha ijitengeneze, hata bila kuacha mutesheni nyingi, kunaweza kuivuruga mipangilio hiyo na kuisogeza mbele saa ya methili (umri unaokadiriwa kwa alama hizo), na tafsiri ya matokeo hayo bado inabishaniwa na wataalamu. Huenda saa hiyo inabeba kivuli cha uharibifu wa DNA ndani yake, ila kuisoma si kuuhesabu uharibifu.

Nimefika kwenye ukurasa wa tatu, na huu ndio ulionifanya niandike tathmini hii. Una duara kubwa lenye rangi, kuanzia kijani hadi nyekundu, na alama ya uharibifu wa DNA kati ya 0 na 100. Ukurasa wote umepangwa ili msomaji aamini kwamba alama hiyo imetoka kwenye damu yake. Maelezo ya mbinu, yaliyowekwa mwishoni mwa ripoti kwa maandishi madogo, yanasema kwamba alama hukokotolewa kutokana na dodoso ambalo mteja hujaza anapofungua akaunti: anavuta sigara au la, hulala saa ngapi, hukaa juani kiasi gani, ana uzito gani. Niliingia kwenye akaunti, nikabadilisha jibu la sigara na la usingizi, na alama ikapanda papo hapo kutoka eneo la kijani hadi la manjano, damu ikiwa ile ile waliyokwisha kuipima. Hakuna hata jeraha moja lililohesabiwa. Neno "kipimo" halifai kuandikwa juu ya ukurasa huo.

Vipimo halisi vya majeraha ya DNA vipo, na anayevijua ataelewa kwa nini kadi ile isingeweza kuvitumikia. Kimojawapo huzichukua seli nzima, huzizamisha katika tabaka jembamba la jeli, huyeyusha utando wake, kisha hupitisha umeme. DNA isiyo na majeraha hubaki imejikusanya mahali pake, na vipande vilivyokatika huvutwa nje na kutengeneza mkia unaoonekana kwa hadubini. Kadiri mkia ulivyo mzito ndivyo uharibifu ulivyo mwingi. Kingine hutafuta protini ya histoni (inayozungushiwa DNA) iitwayo H2AX, ambayo seli huiwekea alama ya fosfeti pale nyuzi mbili zilipokatika, na madoa yake yakihesabiwa hutoa picha ya idadi ya mipasuko. Njia zote mbili zinahitaji seli nzima zilizotunzwa kwa uangalifu, si damu iliyokauka kwenye karatasi na kusafiri kwenye bahasha. Hata zikifanywa vizuri, husema hali ya seli za damu kwa saa ile tu, wala hazisemi lolote kuhusu ubongo au moyo, ambako seli nyingi hazigawanyiki tena na majeraha hukaa kwa muda mrefu.

Kapsuli nazo zinahitaji maneno marefu kidogo, maana ndizo zinazoiletea kampuni mapato ya kila mwezi. Kiambato kikuu ni NMN, molekuli ambayo mwili huigeuza kuwa NAD+, molekuli nyingine ambayo seli huitumia katika kuzalisha nishati na kujikarabati. Hoja ya muuzaji ina mizizi ya kweli: kimeng'enya cha PARP1, ambacho hukimbilia mahali DNA ilipokatika na kuita wakarabati wengine, hutumia NAD+ kwa wingi, na kiasi cha NAD+ katika tishu kadhaa hupungua umri unaposonga. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba panya wazee waliopewa NMN walirudishiwa sehemu ya utendaji wa PARP1, na uharibifu wa DNA yao ukapungua. Ni kazi nzuri, nami niliisoma kwa furaha. Lakini chupa imeandikwa kwamba inarekebisha DNA ya binadamu, na kutoka kwenye ini la panya hadi kwenye sentensi hiyo ni safari ambayo bado haijakamilika. Majaribio ya binadamu yameonyesha kwamba virutubisho vya aina hii hupandisha NAD+ katika damu. Jaribio moja la mwaka 2021, lililohusisha wanawake 25 waliokwisha kukoma hedhi na wenye sukari iliyokaribia kiwango cha kisukari, lilikuta kwamba miligramu 250 kwa siku kwa wiki 10 ziliboresha jinsi misuli inavyoitikia insulini. Hilo ni jambo jema kuhusu sukari, na halisemi kitu kuhusu ukarabati wa DNA. Chema chajiuza, nao wangeweza kuyauza matokeo hayo jinsi yalivyo.

Huduma kwa ujumla si mbaya. Maelekezo ya kuchoma kidole ni rahisi kufuata, majibu hayakuchelewa, na mteja anaruhusiwa kuomba sampuli yake iharibiwe, haki ambayo kila anayetoa damu yake kwa kampuni anapaswa kuitumia. Bei ni kubwa, na sehemu yake kubwa inalipia kapsuli. Inawezekana kununua kipimo peke yake, ingawa chaguo hilo limewekwa mahali pasipoonekana kwa urahisi. Anayetaka kujua umri wake wa kibayolojia kwa udadisi anaweza kulitumia chaguo hilo na kuupuuza ukurasa wa tatu.

Limebaki jambo moja ambalo siwezi kuliita dosari ndogo. Kapsuli zina pia mchanganyiko wa vizuia oksidi (vitu vinavyozuia madhara ya oksijeni), ukiwemo beta-karotini, na kiasi cha kila kimoja hakikuandikwa. Nadharia ya kwamba vitu hivi hulinda DNA ina umri mrefu; Denham Harman aliitangaza nadharia ya radikali huru, yaani molekuli zisizotulia zinazodhuru seli, mwaka 1956, na ilionekana kuwa busara kudhani kwamba kuzizima radikali hizo kungeuchelewesha uzee. Ilipojaribiwa kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 nchini Finland, matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalikuwa kinyume: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Jaribio jingine, la Marekani, lilisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu kama hiyo. Kampuni inayouza seti hii inajua nani anavuta sigara, kwa kuwa swali hilo limo kwenye dodoso lake na jibu lake ndilo linaloipandisha alama ya ukurasa wa tatu. Hata hivyo mvutaji hutumiwa chupa ile ile, yenye maelekezo yale yale, na huambiwa kwamba yeye ndiye mwenye kuihitaji zaidi. Anayevuta sigara, au aliyevuta kwa miaka mingi, asizimeze kapsuli hizi, na aliye kwenye matibabu ya saratani amwonyeshe daktari wake lebo ya chupa kabla ya kuifungua, kwa sababu dawa nyingi za saratani pamoja na mionzi huua uvimbe wa saratani kwa kuivunja DNA yake, na seli ya saratani nayo hutumia NAD+ kujikarabati. Onyo hilo lilipaswa kuchapishwa juu ya boksi. Niliwaandikia nikilitaka, wakanijibu kwamba bidhaa yao ni ya asili na ni salama kwa watu wazima wote. Mpaka watakapolibadilisha jibu hilo, sitampendekezea mtu yeyote chupa ile.